Nduhu Mbili

Barua ilipofika parokiani Tinde kwamba watu wa milima ya Alpi wanaomba waletewe mwanamke mfugaji, anayejua ng'ombe na vyakula vya zamani, kamati nzima ilimgeukia Nyamizi. Yeye akawa anatazama vidole vyake. Hakukubali wala hakukataa. Aliuliza jambo moja tu.

"Mkalimani ni nani?"

"Kalisti," akajibu Euphrasia, katibu wa kamati, mama wa Kihaya aliyeolewa Shinyanga mjini. "Yule wa mtaa wa Kambarage. Kiingereza anakimwaga kama maji."

"Basi nitakwenda."

Wakapiga vigelegele. Walidhani bibi kapenda ndege. Hakuna aliyejua kwamba jina hilo Nyamizi alikuwa amelilaza kifuani miaka ishirini na miwili, kama mtu anavyofukia kaa kwenye majivu jioni ili asubuhi asiende kuomba moto kwa jirani.

Zamani hizo alikuwa akiishi upande wa Geita, katika kijiji kilichokuwa karibu na machimbo. Mumewe, Magesa, alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, akazikwa penye ukingo wa shamba, chini ya mawe matatu. Wachimbaji wakaja wakapima, wakaonja mchanga, wakasema mwamba wa dhahabu unapita papo hapo. Nyamizi akaitwa ofisini. Mkubwa wa ofisi alikuwa Chacha, mtu wa Mara, hajui Kisukuma hata cha kuombea maji. Nyamizi naye, darasa la tatu lake lilimfikisha kwenye Kiswahili cha sokoni. Kile cha ofisini kilimpita juu kama kundi la ndege. Akawekwa katikati kijana wa kutafsiri, ana kalamu mbili mfukoni. Ndiye Kalisti.

Chacha akauliza: mama anaridhia eneo lake lichimbwe?

Kalisti akaligeuza swali kwa Kisukuma, sawasawa kabisa, hapo hakukosea.

Nyamizi akajibu: "Nduhu."

Sasa, neno hilo kwa Wasukuma lina nyuso mbili. Mtu akikuuliza kama unakubali, ukasema nduhu, umesema hapana. Lakini mtu akikukanyaga mguu, akakuomba radhi, ukasema nduhu, umesema hakuna neno, yamekwisha. Mtoto wa miaka minne hawezi kuzichanganya. Kalisti akamgeukia mkubwa wake, akasema: "Anasema hakuna neno."

Chacha akaandika. Kidole cha Nyamizi kikachovywa wino, kikagandamizwa kwenye karatasi; alidhani anathibitisha kukataa kwake. Wiki ya pili kaburi la Magesa lilikuwa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, na mawe yale matatu yamekwenda kusagwa kwenye karasha pamoja na mengine. Mifupa hakuna aliyemwonyesha. Wiki ya tatu Kalisti alionekana na pikipiki mpya.

Nyamizi alihamia Tinde kwa kaka yake, akiwa na mwanawe Maduhu na mitamba wawili. Akajifunza Kiswahili kwa redio, kwa kitabu cha sala, kwa magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Watu walimwona ni mama mpole mno. Hakuwahi kugombana na mtu. Angegombana na nani, na hasira yake yote ilikuwa imewekewa mtu mmoja?

Siku ya safari, Euphrasia akiwa mwenzi wao, Kalisti alimwinamia kwenye uwanja wa ndege wa Mwanza. Alikuwa ameota kitambi, ana suti, na kalamu bado mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye nitakuwa mdomo wako huko. Wewe usihangaike na lolote."

"Nimefurahi," Nyamizi akasema. "Mdomo ni kitu kikubwa."

Hakumtambua. Mjane wa Geita alikuwa amenyolewa kichwa, mwembamba, anaitwa mke wa Magesa. Huyu alikuwa Mama Maduhu wa Tinde, mnene, kichwa cheupe. Anayepiga husahau, anayepigwa ndiye hubaki na kovu la kutazama.

Kijiji cha Austria walikofikia kilikuwa kimebanwa kati ya milima mpaka jua linachelewa kuingia kama mgeni anayeona haya. Juu kabisa kulikuwa na theluji, mwezi wa tisa huo, nyeupe kama unga uliomwagika. Chini yake majabali, chini yake misonobari, halafu majani mabichi ambayo Nyamizi alipoyaona alitaka kulia. Alipiga goti, akang'oa ukoka, akautafuna.

"Mama Maduhu, unakula nyasi?" Euphrasia akamnong'oneza. "Wanakutazama."

"Acha watazame. Ng'ombe wa Tinde wangeletwa hapa wangedhani wamekufa wakaenda mbinguni."

Walimlaza kwa mzee Alois, mfugaji, mwenye mikono kama mizizi. Wakala mkate mweusi mgumu, jibini yenye harufu ya zizi, madonge ya mkate yaliyoelea kwenye mchuzi, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Nyamizi naye akafungua furushi lake: michembe, vile vipande vya viazi vilivyoanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama kigae, na majani ya kunde makavu. Kabla hajaomba sufuria, mzee Alois alikuwa amekwisha kutia mchembe mdomoni, mkavu hivyohivyo, anautafuna kwa heshima, macho yamemtoka.

"Mwambie huchemshwa," Nyamizi akasema.

Kalisti akatafsiri. Mzee akautoa, akapapasa jino kwanza kama limebaki, kisha akacheka, na meza nzima ikacheka. Akasema kitu.

"Anasema babu zao nao walikausha kila kitu, kwa sababu ya baridi," akasema Kalisti.

"Sisi kwa sababu ya njaa," akasema Nyamizi. "Mwambie tumekutana kwenye kukausha."

Siku ya pili, Kalisti akiwa bado amelala nyumba ya wageni kule chini, Nyamizi alikuwa zizini na mke wa Alois akijaribu chuchu za ng'ombe wa kahawia. Mlangoni akatokea kikongwe wa Kizungu, sista, mgongo umepinda, fimbo mkononi. Akasimama, akamtazama Nyamizi kwa muda, kisha akasema kwa Kisukuma, kile cha zamani ambacho hata Tinde siku hizi kinasemwa na wazee tu:

"Mwangaluka, mayu."

Nyamizi nusura apige ndoo teke. Kuamkiwa asubuhi na kuitwa mama, kwa lugha ya kwao, ndani ya zizi la Wazungu! Huyo alikuwa Sista Juliana. Alikuwa mkunga kwenye misheni moja ya Usukumani miaka thelathini na mmoja. Alipokea watoto, alisema, mpaka akaacha kuhesabu. Sasa amezeeka, amerudishwa kwao kufia.

Walikaa juu ya vigoda vya kukamulia mpaka maziwa yakapoa. Nyamizi hakuwahi kumsimulia mtu habari ya neno lile, wala kaka yake, wala padri. Siku ile alimsimulia sista. Alipomaliza, kikongwe akafuta miwani.

"Unataka nifanye nini, mayu? Kisasi ni cha Mungu."

"Sikuombi unisaidie kisasi. Nakuomba ukae kimya. Mbele ya Kalisti usiseme Kisukuma mpaka mimi nikutazame."

"Na ukinitazama?"

"Utajua mwenyewe. Umezalisha wanawake miaka thelathini. Wakati ukifika huambiwi."

Sista aligonga fimbo sakafuni mara moja, na Nyamizi akajua amekubali. Mke wa Alois akaja kumjazia bakuli la maziwa kwa mara ya tatu. Nyamizi akaweka kiganja juu ya bakuli.

"Hapa nasemaje, nimetosheka, sitaki?"

"Nain," akasema Sista Juliana. "Ndiyo hapana ya Kijerumani."

"Nain," Nyamizi akamwambia mwenye nyumba. Mwanamke akacheka, akaondoa chombo. Neno fupi. Lina uso mmoja tu. Nyamizi akalirudia zizini peke yake, kama mtu anayejaribu kisu kipya kwenye ukucha.

Kilichofuata ni matembezi. Wageni walipandishwa kwenye kibanda kinachoning'inia kwenye waya, Euphrasia akafumba macho akasali rozari nzima, mafumbo yote. Huko juu kulikuwa na watu wa kila umri wanapanda mlima kwa miguu, fimbo mbili mbili mikononi, jasho linawatoka. Wengine wanashindana mbio, wana namba vifuani.

"Wamepotelewa na ng'ombe?" Nyamizi akauliza.

"Hapana, mama. Ni mchezo. Wanapanda, wanafika kileleni, wanashuka."

"Kileleni kuna nini?"

"Msalaba na daftari la kuandika jina."

"Aa. Kumbe na wao ukifika ofisini lazima uandikwe."

Euphrasia alicheka mpaka akasahau kuogopa. Kalisti naye alicheka. Walipoanza kutembea kwenda malisho ya juu, mvua ya baridi ikashuka ghafla, imechanganyika na vipande vya barafu. Nyamizi alikuwa na sweta na khanga tu. Kalisti akavua koti lake, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama mtoto anavyomfunga mama mgonjwa. Yeye akabaki na shati, meno yanagongana. Akamshika mkono kwenye utelezi wote ule.

Usiku ule Nyamizi hakulala vizuri. Koti lilikuwa limetundikwa msumarini, linamtazama. Alijiambia: huyu ana mama yake mahali. Alijiambia: miaka ishirini na miwili hata mti hubadilisha gome. Alikaribia kuamua kumwendea Sista Juliana asubuhi amwambie, yaache, sema Kisukuma chako upendavyo.

Lakini asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya ng'ombe kushuka.

Kila mwaka, majira ya joto yakiisha, ng'ombe huteremshwa kutoka malisho ya juu, na kijiji kizima hutoka barabarani kuwapokea. Nyamizi alisikia kengele kabla hajaona kitu, kengele kubwa kama vyungu, mlima mzima unalia. Wakatokea: ng'ombe wa kwanza ana taji la maua na vioo na utepe mwekundu, anatembea kwa maringo kama bibi harusi. Nyamizi akapiga kigelegele ambacho kwao kingesikika Maganzo. Wazungu wakageuka, wakampigia makofi.

Kisha likaja kundi jingine, na hilo halikuwa na ua hata moja. Halina utepe. Kengele zimezibwa kwa majani, zisilie. Watu waliokuwa wakicheka wakavua kofia mpaka likapita.

"Hawa vipi?" Nyamizi akauliza.

Kalisti akauliza wenyeji, akarudi na jibu. "Eti baba mwenye kundi hilo alifariki mwezi wa saba. Nyumba ikiwa na msiba, ng'ombe hawavalishwi." Akatikisa kichwa, akishusha sauti kwa Kiswahili. "Wazungu nao, mama. Ng'ombe aomboleze mtu? Wangekuja machimboni Geita wangezimia. Sisi kule tulichimba hata makaburi, na hakuna aliyezima mashine."

Nyamizi hakumgeukia. "Ulikaa Geita?"

"Nikiwa kijana. Ndiko nilikoanzia kazi hii." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayekumbuka ujanja wake wa utotoni. "Kulikuwa na mjane mmoja mbishi. Anaulizwa kama anaridhia, anasema nduhu. Basi nduhu si ina maana mbili? Mimi nikachagua ile iliyokuwa na faida. Ukalimani, mama, ni kuchagua."

Kengele zilizozibwa zilikuwa zimekwisha kupita. Nyamizi alivua koti, akalikunja vizuri, akampa.

"Chukua koti lako, mwanangu. Jua limetoka."

Karamu ilikuwa ukumbini mchana uleule. Meza ndefu, bia, tarumbeta, madonge yale tena. Mzee Alois ndiye alikuwa mwenyekiti wa urafiki wa parokia mbili. Akasimama, akasema kwa Kiingereza chake kizito, na Kalisti akawa anatafsiri kwa sauti ya kutosha wote wasikie jinsi anavyotafsiri. Kwamba kila mwaka watamwalika mfugaji mmoja kutoka Shinyanga. Kwamba na wao watakuja kujifunza. Kwamba wanahitaji mtu mmoja wa kudumu kule, wa kuchagua wageni, wa kuwapokea, wa kuwasemea wafugaji. Mdomo wao. Na wanapendekeza Bwana Kalisti.

Makofi. Kalisti aliinama, mkono kifuani. Euphrasia alikuwa amekwisha kumwambia Nyamizi njiani kwamba jambo hili Kalisti amelihangaikia mwaka mzima, barua juu ya barua. Alikuwa hata amekwisha kumwahidi mkewe.

"Lakini sisi wakulima," akaendelea Alois, "hatununui ng'ombe bila kumuuliza aliyemfuga. Mama yetu hapa ndiye mkubwa wa wageni. Tungependa tumsikie, na tumsikie kwa lugha ya kwao. Je, mama anaridhia?"

Kalisti akamgeukia Nyamizi, anatabasamu, akaligeuza swali kwa Kisukuma. Sawasawa kabisa. Hapo hakukosea, kama vile hakukosea siku ile.

Nyamizi alisimama. Alijifunga khanga upya kiunoni, bila haraka. Ukumbi ukatulia.

"Nduhu," akasema.

Tabasamu la Kalisti halikuondoka, ila lilisimama, kama saa iliyokwisha betri. Alimtazama Nyamizi usoni. Nyamizi akamtazama. Akampa muda, aliona ni haki ampe muda. Mtu akikuta njia panda ileile mara ya pili, Mungu amempenda sana.

Kalisti akawageukia watu. "She says," akaanza, kisha akamalizia kwa Kiingereza laini kwamba mama anasema hakuna neno kabisa, na Euphrasia, aliyekuwa anaelewa Kiingereza, akaitikia kwa kichwa.

Makofi yakaanza. Nyamizi akageuza macho mpaka meza ya mwisho, penye kikongwe na fimbo yake.

Sista Juliana aliinuka polepole. Hakupaza sauti, makofi yalimfia yenyewe. Akauliza kwa Kisukuma, kila neno limenyooka: "Mayu, nduhu yako hii ni ipi? Ni ile ya hakuna neno, au ni ile ya hapana?"

Nyamizi aliona uso wa Kalisti. Alikuwa amengoja kuuona uso huo miaka ishirini na miwili, na alikuwa ameuwaza kwa namna nyingi, lakini hakuwahi kuwaza kwamba ungekuwa wa kitoto hivi. Mdomo wazi, masikio yamemsimama, anamtazama sista wa Kizungu kana kwamba jiwe limesema. Kisha akageuza macho kwa Nyamizi, na hapo ndipo alipomwona. Si Mama Maduhu. Alimwona mjane mwenye kichwa kilichonyolewa.

Nyamizi hakumjibu sista kwa Kisukuma. Aliwageukia wenyeji wake, mzee Alois na mkewe aliyemjazia bakuli, akaweka kiganja mbele kama alivyokiweka zizini.

"Nain," akasema.

Neno lilikwenda mpaka ukuta wa mwisho likarudi. Halikuhitaji mtu wa kuligeuza.

Sista Juliana ndiye aliyewaeleza mengine, kwa lugha yao, kwa maneno machache: kaburi, karatasi, kidole. Watu walisikiliza kama walivyosikiliza kundi lisilo na maua. Mzee Alois aliketi. Alimtazama Kalisti, kisha akavuta kwake karatasi ya uteuzi iliyokuwa na jina la Kalisti, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni. Tarumbeta hazikupigwa tena mchana ule. Euphrasia aliombwa ashike kazi hiyo kwa mwaka wa kwanza, na sharti likaandikwa kwamba yeyote atakayeulizwa neno ataulizwa mbele ya watu wawili wanaojua lugha yake.

Njiani kurudi, toka milimani mpaka Mwanza, Kalisti alikaa mbali nao, anatazama dirishani. Ndani ya ndege Euphrasia alimwinamia Nyamizi. "Mama Maduhu, umemvua nguo mbele ya watu."

"Alinivika koti, nikamrudishia," Nyamizi akasema. "Nguo zake nyingine alivua mwenyewe."

Habari ilitangulia mpaka Kambarage, maana habari haingoji mizigo. Mashirika yakaacha kumwita Kalisti kutafsiri. Wafanyabiashara wakaanza kusema, mh, yule, mpaka uwe na sista pembeni. Watoto mtaani wakampa jina: Bwana Hakuna-Neno.

Wiki ya nne alikuja Tinde. Nyamizi alikuwa uani, anakata viazi vya michembe, vipande vinaangukia ungoni. Kalisti aliegesha pikipiki mbali, akaja kwa miguu, ana doti ya khanga kwenye mfuko na kilo za sukari. Akachuchumaa, hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilikuwa kijana, mama. Njaa ilinipanda kichwani. Sina kazi sasa, sina jina. Watoto wangu wanachekwa shuleni. Nimekuja kuomba unisamehe."

Nyamizi alikata kiazi chote mpaka mwisho kabla ya kujibu. Alijitafuta ndani, akakuta lile kaa limebaki jekundu vilevile. Halikupungua kwa nain ile, wala hakutaka lipungue.

"Mifupa ya Magesa mliiweka wapi?"

Kalisti aliinamisha kichwa. Kuku wakaja kudonoa karibu na miguu yake. Aliposema, alisema kwa Kisukuma, lugha ya mama yake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na chaguo.

"Nduhu, mayu."

"Haipo?"

"Haipo."

Nyamizi akachukua kiazi kingine, akakipangusa udongo kwa khanga.

"Umekuja kuomba msamaha," akasema. "Na mimi nakujibu hivyohivyo: nduhu. Beba sukari yako. Ipi kati ya hizo mbili, utatafsiri njiani."